Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone



Sifa zote njema zamstahiki Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo, ndugu wasomaji, wiki hii twaomba ruhusa yenu tutoke kidogo nje ya pwani yetu. Likizo ya watoto imekaribia, na katika nyumba nyingi swali limekwisha kuulizwa: mara hii twende wapi? Sisi tutasimulia tulikokwenda, kisha tutauliza swali jingine ambalo huulizwa kwa nadra: tukifika huko, mwenyeji wetu hupata nini?

Wazee wetu walilimaliza jambo hilo kwa maneno manne: mgeni njoo mwenyeji apone. Hawakusema mgeni njoo, mwenyeji akuchezee ngoma. Wala hawakusema mgeni njoo, mwenyeji ahame akupishe. Walisema apone. Yaani kuja kwa mgeni kuwe na kheri inayobaki nyumbani baada ya mgeni kuondoka. Kwa kipimo hicho ndipo tutakapoipima safari yetu.

Safari ya Olkaria

Tulisafiri baada ya Idi, katika likizo ya Aprili, familia kadhaa za madrasa yetu, wakubwa kwa watoto. Treni ilitufikisha Nairobi, na basi la kukodi likatuteremsha Bonde la Ufa hadi Naivasha, katika Kaunti ya Nakuru. Kusini mwa ziwa la Naivasha ndiko iliko hifadhi ya taifa ambayo Wazungu waliipa jina la Hell's Gate, maana yake lango la Jahanamu, Mwenyezi Mungu atukinge nayo. Watoto walilicheka jina hilo, nasi tukawaambia kwamba wenyeji hawakuhitaji kutishana namna hiyo. Wamaasai huliita korongo la hapo Ol Njorowa, na eneo la jirani huliita Olkaria, neno linalotokana na udongo mwekundu wanaojipaka.

Hifadhi hii ilitangazwa rasmi mwaka 1984. Si kubwa, eneo lake ni kilomita za mraba 68 na kidogo, lakini ina sifa moja isiyopatikana katika hifadhi nyingi za nchi yetu: mgeni huruhusiwa kutembea kwa miguu au kwa baiskeli miongoni mwa pundamilia, twiga na swala. Kwa familia zisizo na uwezo wa kukodi magari ya kitalii, hiyo ni neema kubwa. Watoto wetu walikodi baiskeli kwa vijana wa hapo, nasi wenye magoti ya miaka hamsini tukawafuata kwa miguu.

Si mbali na lango husimama jiwe refu lililochongoka, liitwalo Mnara wa Fischer. Jina ni la Gustav Fischer, Mjerumani aliyekuwa daktari Unguja na aliyepita huko katika miaka ya 1880. Safari yake ilianzia Pangani, kwa msafara wa wapagazi wa pwani. Tulisimama mbele ya jiwe hilo tukatafakari. Waliobeba mizigo walikuwa watu wetu, ardhi ilikuwa ya Wamaasai, na jina lililobaki juu ya jiwe ni la mgeni. Wamaasai wana hadithi yao kuhusu jiwe hilo: kwamba ni binti aliyekuwa akipelekwa kwa mumewe, akakatazwa kugeuka nyuma, naye kwa kuwahurumia wazazi wake akageuka kukitazama kijiji chake mara ya mwisho, akawa jiwe papo hapo. Hatuisadiki hadithi hiyo kama habari, lakini kina mama katika msafara wetu waliisikiliza kwa makini kuliko sisi. Kila mwanamke aliyewahi kuolewa mbali anajua maana ya kugeuka nyuma.

Upande wa pili wa hifadhi mvuke mweupe hutoka ardhini usiku na mchana. Hapo ndipo penye mitambo ya umeme wa jotoardhi ya kampuni ya KenGen. Mtambo wa kwanza ulianza kazi mwaka 1981 kwa nguvu ya megawati 15, kabla hata hifadhi haijatangazwa. Leo jotoardhi hutoa karibu nusu ya umeme wote wa Kenya, na sehemu kubwa yake hutoka Olkaria. Kwa hiyo, ewe msomaji uliyekaa chini ya pangaboi Mombasa au Lamu, huenda upepo unaokupoza mchana huu umetokana na mvuke wa huko. Kwa njia hiyo sisi sote ni wageni wa Olkaria, hata ambao hatujapata kufika.

Siku tuliyokatazwa kushuka

Langoni tulikutana na kijana wa Kimaasai aliyejitolea kutuongoza kwa ujira. Hapa yatupasa kuungama. Baadhi yetu waliona ni gharama isiyo na haja. Mmoja alisema: "Njia yaonekana, mwongozaji wa nini?" Tukavutana naye juu ya bei, na mwisho tukamchukua kwa shingo upande.

Watoto walikuwa wameahidiwa kushuka korongoni, nao hawakuwa na mazungumzo mengine tangu Nairobi. Tulipofika juu ya korongo, jua lilikuwa linawaka na mbingu juu yetu haina hata wingu. Kijana yule alitazama mbali, upande wa milimani, akapiga simu na kusema maneno ya Kimaa. Kisha akatugeukia.

"Mzee, leo hatushuki. Huko juu mvua inanyesha."

Tulimwonyesha mbingu. Akatikisa kichwa. Baba mmoja katika sisi alidhani kijana anataka kufupisha kazi na kuchukua ujira ule ule, akamwambia hivyo waziwazi. Naye hakukasirika. Alijibu: "Pesa mnaweza kunipunguzia mkitaka. Kushuka, hapana."

Watoto walilia. Sisi tulinuna. Baadaye, tulipokwisha kuswali Adhuhuri na Alasiri chini ya kivuli cha mti, yule kijana alitueleza kwa upole namna korongo lile lilivyo. Maji hayatoki juu ya kichwa chako. Hutoka mbali, kwenye vilima, hujikusanya katika mifereji ya majivu na mawe, na hufika kwa ghafla mahali ambapo kuta zimekaribiana na hakuna pa kukimbilia. Mtu anaweza kufikwa na mafuriko hali nguo zake ni kavu.

Wala hayo si maneno ya kututisha. Mwezi Aprili mwaka 2012 vijana saba wa kanisa moja la Nairobi walifariki katika korongo hilo kwa mafuriko ya namna hiyo. Na Jumapili ya tarehe 1 Septemba 2019 watu wengine saba walisombwa wakafa, akiwamo mwongozaji wao, mwenyeji wa hapo. Tulipoyasikia hayo, tulimtazama upya kijana tuliyemwona ghali. Mwenziwe katika kazi ile ile alikufa pamoja na wageni wake. Naye alikuwa tayari kupoteza sehemu ya ujira wake kuliko kuwashusha watoto wetu.

Kama maji yalikuja siku ile au hayakuja, hatukupata kujua, kwa kuwa tuliondoka upande ule mapema. Lakini tulimlipa ujira wake wote, na yule baba aliyemshuku akaongeza kitu juu yake bila ya kuambiwa na mtu. Kijana naye hakutuacha bure. Alituzungusha juu ya majabali, akatuonyesha udongo mwekundu, akawavunjia kina mama matawi ya leleshwa, kichaka ambacho majani yake hunukia na Wamaasai huyatumia kujitia harufu nzuri. Kina mama waliyaweka katika mikoba yao kama wawekavyo rihani na kilua.

Hilo ndilo somo la kwanza. Tunaposema wenyeji washirikishwe katika utalii wa kutunza mazingira, wengi hudhani ni sadaka kwa maskini walio kando ya hifadhi. La hasha. Mwenyeji ana ilimu ambayo haipatikani kwingine, na ilimu hiyo siku moja itakuwa ndiyo tofauti baina ya kurudi nyumbani na watoto wako na kurudi bila wao. Mwenye ilimu hulipwa haki yake. Hapewi tunu ya huruma.

Hesabu ya ushanga

Jioni tulisimama mahali ambapo wanawake wa Kimaasai walikuwa wametandika shuka chini na kupanga shanga zao: bangili, mikufu, mishipi, na zile kola pana za duara ambazo bibi harusi wao huvaa. Bibi mmoja katika msafara wetu, mtu mzima anayeheshimika mtaani kwake, aliipenda kola moja. Aliambiwa shilingi 1,500. Yeye akataja 600, akageuka kama anayeondoka, kama tufanyavyo sote sokoni.

Yule muuzaji, mama kijana mwenye mtoto mgongoni, alisema: "Mama, sikatai kupunguza. Lakini hesabu na mimi." Akaanza kuhesabu kwa vidole. Shanga na waya hununua mjini Naivasha kwa fedha taslimu. Bodaboda ya kuja na kurudi. Jioni nne za kazi, baada ya ng'ombe kukamuliwa na watoto kulala. Na siku ambazo hukaa hapo tangu asubuhi asije mgeni hata mmoja.

Sasa, bibi yetu huyo hushona kofia za mkono. Kofia moja humchukua wiki kadhaa, tundu kwa tundu, mpaka macho yamtoke machozi. Na mara ngapi tumemsikia akilalamika kwamba mnunuzi hufika, akaigeuzageuza kofia kama anayekagua samaki aliyelala, kisha akataja bei isiyotosha hata nyuzi! Tulimwona amenyamaza. Alikaa chini juu ya ukingo wa shuka, akaishika kola, akazitazama safu zake moja baada ya moja kwa jicho la mtu wa kazi. Akauliza: "Hapa kwenye mkunjo hufungaje, mwanangu?" Wakaonyeshana. Alilipa shilingi 1,500 zote.

Dini yetu imekataza vikali kupunja vipimo, nasi tumezoea kudhani kwamba mpunjaji ni muuza duka mwenye mizani mbovu. Lakini mnunuzi pia ana mizani. Anayejua kwamba muuzaji ana njaa, jua limekuchwa na hana mteja mwingine, kisha akalitumia hilo kumshusha mpaka chini ya gharama yake, na ajitazame. Kupatana bei ni halali na ni desturi. Kumdidimiza mwenye dhiki ni jambo jingine.

Mama yule alipokuwa akitufungia vitu vyetu aliuliza tumetoka wapi. Tukamwambia Mombasa. Akauliza: "Kule kwenu wageni wa bahari ni wengi. Nyinyi wenyewe huwa mnapata nini?" Hatukuwa na jibu la haraka. Tutalirudia swali lake.

Fedha za namna tatu

Ili kuelewa kwa nini shuka lile la shanga ni jambo kubwa, yafaa tujue kwamba mahali kama Olkaria pana fedha za namna tatu, nazo hazipiti njia moja.

Ya kwanza ni fedha ya lango. Kiingilio cha hifadhi hulipwa kwa shirika la serikali linalosimamia wanyamapori, yaani KWS. Kwa hiyo hulipwa askari, hutunzwa barabara, hulindwa wanyama. Ni fedha ya haki, lakini mama mwenye shanga haioni.

Ya pili ni fedha ya mvuke. Hii ndiyo kubwa kuliko zote. Katiba ya mwaka 2010 imeitaka dola ihakikishe kwamba manufaa ya maliasili yanagawanywa kwa usawa, na Sheria ya Nishati ya mwaka 2019 ikaweka hesabu: katika mrabaha wa jotoardhi, asilimia 75 ni ya serikali kuu, asilimia 20 ya kaunti, na asilimia 5 ya jamii ya mahali hapo. Kuandikwa katika sheria ni hatua. Kufika mkononi ni hatua nyingine, na haitembei yenyewe. Hutembezwa na watu wanaoijua haki yao na kuiulizia.

Ya tatu ni fedha ya mkono: ujira wa mwongozaji, kodi ya baiskeli, bei ya ushanga, kikombe cha chai. Hii ndiyo ndogo kuliko zote, nayo ndiyo pekee ambayo huingia nyumbani mwa mwenyeji siku ile ile. Na kati ya hizo tatu, hii ndiyo iliyo mikononi mwetu sisi wasafiri.

Lakini hata fedha hiyo ya mkono yahitaji mahali pa kusimama. Hapa kuna habari ambayo ni ya wazi na imeandikwa katika kumbukumbu za mabenki makubwa ya dunia. Wamaasai walikwisha kuondolewa katika sehemu kubwa ya Bonde la Ufa tangu mapatano ya mwaka 1904 na Waingereza. Waliobaki au kurejea karibu na Olkaria waliishi vijijini, na kijiji kimoja kikajulikana kwa jina la Kituo cha Utamaduni. Riziki ya kijiji hicho ilitegemea sana wageni: wanawake waliuza shanga, vijana waliongoza watu, wazee walisimulia. Mwaka 2014, kwa ajili ya kuongeza mitambo ya umeme, kijiji hicho na vingine vitatu vilihamishwa kwenda makazi mapya yaliyoitwa RAPland. Watu hao walikuwa zaidi ya 1,000. Walijengewa nyumba za kudumu, na shule, na wakatengewa ekari zipatazo 1,700.

Mtu wa mbali angesema: nyumba mpya, wanalalamika nini? Lakini walilalamika, nao walikuwa na hoja. Walisema ardhi mpya imekatwakatwa na makorongo, barabara haipitiki mvua ikinyesha, hati ya ardhi haijawafikia, na wageni waliokuwa wakinunua shanga hawafiki tena. Mwaka ule ule wa 2014 walipeleka mashtaka yao kwa Benki ya Dunia na kwa Benki ya Uwekezaji ya Ulaya, ambazo zilikuwa miongoni mwa wakopeshaji wa mradi. Uchunguzi ulifanywa, nao ukakuta kasoro. Moja katika hizo twaitaja kwa kuwa ni somo kwa kila mwenye kuongoza watu: mashauriano hayakuipa nafasi ya kutosha lugha ya Kimaa wala baraza la wazee wao. Yaani watu walizungumzwa zaidi kuliko walivyozungumzishwa. Baadaye pande hizo mbili, kampuni na wenyeji, zikakaa katika usuluhishi, na mwezi Mei 2016 zikatia saini mapatano ya kurekebisha mambo.

Hatuandiki haya ili kumlaumu mtu. Umeme ni neema, nasi twautumia. Wala suluhu si jambo dogo. Mwenyezi Mungu huwapenda wenye kusuluhisha. Twaandika kwa sababu ya jambo moja tuliloliona kwa macho yetu. Ukitembea katika eneo la mitambo utakuta mabomba makubwa ya mvuke yamevuka juu ya njia kama matao. Yameinuliwa makusudi, ili twiga na wanyama wengine wapite chini yake. Wahandisi walikaa wakajiuliza: twiga atapita wapi? Ni swali jema na lina thawabu. Basi swali kama hilo lilistahili kuulizwa mapema, na kwa lugha yake, kuhusu mama mwenye ushanga: naye atapita wapi, na mteja wake atamfikiaje?

Hiyo ndiyo maana ya ushirika, ndugu zangu. Mwenyeji kuitwa acheze mbele ya wageni siku ya ufunguzi si ushirika. Ushirika ni mwenyeji kuwapo pale panapoamuliwa, kuelezwa kwa lugha anayoifahamu, na kuiona hesabu kwa macho yake.

Na huku kwetu?

Sasa tulirudie swali la yule mama. Wageni wa bahari, sisi wenyewe hutupa nini?

Alhamdulillahi, pana mahali ambapo jibu ni zuri, na wenye kulitoa ni wanawake. Kisiwani Wasini, mbele ya Shimoni, jirani na hifadhi ya bahari ya Kisite-Mpunguti, kina mama wa kijiji wana njia yao ya mbao inayopita katikati ya mikoko na bustani ya mawe ya matumbawe. Mgeni hulipa ili apite, na kikundi cha kina mama ndicho kinachoisimamia. Wanawake hao wamo ndani ya buibui zao, katika kijiji chao cha Kiislamu, wala hawakulazimika kubadili mavazi wala mwenendo ili wapate riziki kwa mgeni. Gazi, huko huko Kwale, kina mama nao wana njia ya mbao ndani ya mikoko. Na hapo hapo Gazi pamoja na Makongeni, mradi wa Mikoko Pamoja umekuwa ukiuza hewa ya ukaa tangu mwanzo wa muongo uliopita: wanakijiji huitunza mikoko, na fedha zinazopatikana huamuliwa matumizi yake na jamii yenyewe. Zimeleta maji ya bomba na vitabu vya shule. Mwaka 2017 mradi huo ulipata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa.

Lakini tusijisifu kupita kiasi. Tunajua fukwe ngapi ambazo mvuvi hana tena njia ya kufikisha ngalawa yake majini? Na vijiji vingapi ambavyo wageni hufika kwa mashua, wakala, wakapiga picha, wakaondoka, na mwenyeji hakupata ila takataka zao? Tofauti baina ya kijiji kilichopona na kilichougua si wingi wa wageni. Ni nani mwenye ardhi, ni nani mwenye ufunguo wa kasha, na je, kitabu cha hesabu husomwa barazani mbele ya wote, wanawake wakiwemo?

Kina mama mnaotusoma, jambo hili la mwisho ni lenu hasa. Kikundi chochote cha kina mama, kiwe cha shanga, cha kofia, cha maandazi au cha kuongoza wageni, hufa kwa jambo moja kabla ya mengine: hesabu isiyosomwa. Ziandikeni. Zisomeni. Binti aliyehitimu kidato cha nne nyumbani kwenu na awe karani wa kikundi, ajifunze amana kwa vitendo.

Yatupasayo wasafiri

Kwa familia zitakazosafiri likizo hii, iwe Naivasha, iwe Wasini au popote, twaacha nasaha chache.

Mchukueni mwongozaji wa mahali hapo, na mpatane ujira wake kabla ya kuanza, kwa maneno ya wazi. Mkimaliza mlipeni pale pale. Mnayajua mafundisho ya Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, juu ya kutomcheleweshea mfanyakazi haki yake. Akisema leo hatushuki, msishuke, hata watoto wakilia. Na kama walinzi wa hifadhi wamefunga njia, msitafute ya uchochoroni.

Nunueni kwa aliyetengeneza kwa mikono yake. Kabla hamjataja bei, hesabuni naye.

Msimpige picha mama wa watu bila ya idhini yake. Nyinyi mnajua uchungu wa kugeuka na kukuta mgeni amekuelekezea kamera ukiwa mlangoni kwako. Sitara mnayoitaka kwenu, muitunze kwa wenzenu, hata kama mavazi yao si kama yenu na dini yao si kama yenu. Haki ya jirani haina dini.

Rudini na takataka zenu. Ardhi hii ni amana, na twiga hana ufagio.

Na watoto wafundisheni kumsalimu mwenyeji na kumuuliza jina la mahali kwa lugha yake. Wetu walirudi wakisema Ol Njorowa. Korongo lenyewe hawakushuka, lakini jina wamelishika, na kila wakiwasha taa mdogo wao huuliza kama mvuke umefika.

Kola ile ya ushanga, bibi yetu hakuivaa. Ameitundika ukutani chumbani anamoshonea kofia. Juma lililopita mnunuzi mmoja alikwenda kwake akataja bei ya chini. Twaambiwa alimvutia kigoda na kumwambia: "Kaa, baba. Hesabu na mimi."

Twamwomba Mwenyezi Mungu awarehemu waliofikwa na mauti katika korongo lile, awape subira jamaa zao, awape wenyeji wa Olkaria haki yao kwa njia ya suluhu na wema, abariki mikono ya kina mama wote watafutao riziki ya halali, na atujaalie kuwa wageni ambao kuja kwetu ni kupona kwa wenyeji wetu. Amin.

Wabillaahi tawfiiq.